Kikombe Si Kilo: Somo la Kupima Unga, Sukari na Mafuta kwa Mizani



Somo la safari hii limetokana na ugomvi. Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea ambacho kina mradi wa maandazi na keki. Mradi ulikuwa unaenda vizuri: asubuhi maandazi ya shule na ya mafundi wa ujenzi, Jumamosi keki za harusi na za ubatizo. Siku moja tulifika tukakuta hata chai haijatengwa. Mwenyekiti hakutaka kuongea. Mama mmoja, yule ambaye kazi yake ni kukanda, alikuwa amekaa peke yake nje karibu na kuni. Tukajua kuna neno.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mama anayetunza stoo alikuwa ametoa paketi 10 za unga wa ngano, za kilo mbili mbili. Katika daftari lake hakuandika kilo, aliandika vikombe, kwa sababu mapishi yao yote yalikuwa ya vikombe. Alikuwa amepima paketi moja akapata vikombe 17, kwa hiyo paketi 10 akaziandika vikombe 170. Mpishi naye alikuwa akipiga mstari mmoja kwa kila kikombe alichotia kwa beseni. Mwisho wa juma mistari yake ilikuwa 140, na unga umekwisha. Vikombe 30 havikuonekana. Watu wakaanza kukumbuka kwamba mpishi ana watoto wengi, ati na juma hilo hilo walionekana wakila chapati. Mnajua vile maneno hukua.

Tuliomba kitu kimoja tu: paketi moja mpya na kile kikombe chao. Tukamwambia mtunza stoo apime kama anavyopima siku zote. Akachekecha unga, akauchota kwa kijiko polepole mpaka kikombe kikajaa, akapitisha kisu juu kusawazisha. Vikombe 17. Tukarudisha unga wote kwa beseni, tukamwita mpishi. Yeye akazamisha kikombe ndani ya unga, akakigandamiza kwenye ukuta wa beseni, akakiinua kimejaa sawasawa. Vikombe 14. Unga ni ule ule, kikombe ni kile kile.

Nyanya mmoja akasema, "Kumbe mwizi ni kikombe!" Watu wakacheka, lakini mpishi hakucheka. Alisema atarudi kukanda siku ile daftari litakapoandikwa kilo. Tuliona ana haki, na hapo ndipo tulipoanza kuandaa somo hili.

KIKOMBE KINAPIMA NINI?

Kikombe kinapima nafasi. Mizani inapima uzito. Hivi ni vitu viwili, nasi tumezoea kuvichanganya. Gunia la makaa na gunia la mahindi yanaweza kuwa ya ukubwa mmoja, lakini mwulize anayebeba mgongoni kama ni sawa. Vivyo hivyo kikombe cha chumvi kina uzito zaidi ya mara mbili ya kikombe cha unga wa ngano.

Tena unga una tabia yake. Kati ya chembe na chembe kuna hewa. Ukichekecha, hewa inaingia na unga unafura. Ukigandamiza, au paketi ikisafiri kwenye matatu ikitikisika njia nzima, hewa inatoka na unga unashuka. Hesabu ya ule ugomvi ni rahisi: gramu 2,000 ukigawa kwa 17 unapata karibu gramu 118 kwa kikombe. Ukigawa kwa 14 unapata karibu gramu 143. Tofauti ya gramu 25 kwa kikombe ni ndogo. Lakini pika maandazi ya vikombe 40, na tofauti inakuwa kilo nzima ya unga. Maji umeweka yale yale, sukari ile ile, beking pauda ile ile. Leo donge linashikamana na mikono, kesho ni gumu kama udongo wa kufinyanga, na wanunuzi wanasema akina mama hawa siku nyingine wanapika vizuri, siku nyingine wamelala.

Maji hayana shida hiyo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mililita 500 ni gramu 500, na mililita 5 ni gramu 5. Shikeni jambo hili vizuri, kwa sababu mizani yetu ya nyumbani itatoka hapo.

VIKOMBE VYENYEWE HAVIFANANI

Mtu akikuletea mapishi kutoka kitabuni, uliza kwanza ni kikombe gani. Kupima kwa vikombe ni mazoea ya Marekani. Mwaka 1896 mama mmoja mwalimu wa mapishi mjini Boston, Fannie Farmer, alitoa kitabu ambacho kilisisitiza kikombe na kijiko visawazishwe juu, visiwe na kilima. Lakini kikombe cha Marekani kina karibu mililita 237. Cha Waingereza wa zamani, yaani nusu painti, ni 284. Siku hizi nchi nyingi zinazotumia lita zinahesabu 250. Vitabu vya Kiingereza vya zamani navyo vinapima kwa ratili na wakia: ratili moja ni gramu 454, wakia moja ni kama gramu 28.

Na sisi je? Kikombe cha bati cha kunywea uji, kikombe cha chai cha wageni, kifuniko cha chupa ya chai, vyote tunaviita kikombe. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na utaratibu zaidi yetu, kwa maana vibaba vinne vilikuwa pishi moja na kila mtu alijua. Ile methali ya haba na haba inataja kibaba, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kukiona?

Kwa hiyo kikundi kichague kikombe kimoja. Chukueni chupa ya soda au ya maji iliyoandikwa mililita 500, ijazeni maji hadi pale soda ilipofikia ilipokuwa mpya, kisha mmimine kwenye kikombe. Kama chupa moja inajaza kikombe mara mbili kamili, kikombe chenu ni mililita 250. Kipigeni alama ya rangi, na mtu asikitumie kunywea.

KUTOKA KIKOMBE HADI GRAMU

Hapa chini tumeandika uzito wa kikombe kimoja cha mililita 250, kilichojazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu bila kugandamiza. Ni makadirio. Unga wa kampuni moja si sawa kabisa na wa nyingine, na sukari ya chembe kubwa si sawa na ya chembe ndogo.

Unga wa ngano: gramu 125
Unga wa mahindi: gramu 150
Sukari: gramu 200
Mchele usiopikwa: gramu 200
Mafuta mazito ya kupikia: gramu 225
Mafuta ya maji: gramu 230
Maziwa: gramu 257
Chumvi laini: gramu 300

Angalieni mafuta ya maji. Ni mepesi kuliko maji, ndiyo sababu yanaelea. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Kwa mapishi ya nyumbani hesabu maziwa kama maji tu, hakuna andazi litakalojua.

Kuna kosa moja tumeliona katika vikundi vingi, hata vyenye watu waliosoma. Mapishi yanasema unga vikombe 4, sukari kikombe 1. Mtu anafikiri: basi ni nne kwa moja, nitaweka unga kilo 4 na sukari kilo 1. Hapana! Vikombe 4 vya unga ni gramu 500, kikombe 1 cha sukari ni gramu 200. Kwa uzito si nne kwa moja, ni mbili na nusu kwa moja. Yule wa kilo 4 alitakiwa kuweka sukari kilo 1 na gramu 600. Keki yake itakosa utamu na itakuwa ngumu, naye atalaumu oveni.

Vijiko. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na kijiko kikubwa ni mililita 15. Vijiko vya kwetu havikutengenezwa kwa kupimia, kwa hiyo vijaribuni. Njia rahisi ni bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, lile la mililita 5 au 10. Vuta maji mililita 5, mimina kwenye kijiko cha chai. Kikimwagika ni kidogo, kikibaki na nafasi ni kikubwa. Kijiko cha chai cha mililita 5, kikisawazishwa, kinabeba beking pauda kama gramu 4, sukari gramu 4, hamira kavu gramu 3, chumvi karibu gramu 6. Kijiko kikubwa kina unga wa ngano kama gramu 8, sukari gramu 12. Yai moja bila ganda ni kama gramu 50 kwa yai la gredi, la kienyeji mara nyingi ni dogo zaidi.

GOROGORO NAYO

Hatuwezi kuacha gorogoro, kwa sababu mahindi, maharagwe na unga wa posho tunanunua na kuuza kwayo. Mkebe huu ulianza kama mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Watu wengi wanaamini kwamba chochote ukikitia humo ni kilo 2. Lakini zile zilikuwa kilo 2 za mafuta, na mafuta hayo yanahitaji nafasi ya lita 2 na kitu, kama 2.2. Mahindi makavu yakijaa nafasi hiyo na kusawazishwa ni kama kilo 1 na gramu 650. Ndiyo sababu muuzaji mwema huweka kilima juu, na kilima hicho ndicho kinachofikisha mkebe kilo 2 au zaidi. Asiyeweka kilima anakuuzia pungufu. Na mkebe uliobonyezwa kitako ndio mbaya zaidi. Ukikosa nafasi ya mililita 200 tu, umekosa mahindi kama gramu 150. Kwa gorogoro 40 hiyo ni kilo 6. Jaribuni mkebe wowote kwa maji: unatakiwa kumeza chupa nne za nusu lita na ubaki na nafasi kidogo.

Jambo la kuchekesha ni la kisagio. Unapeleka gorogoro moja ya mahindi, unarudi na unga gorogoro moja na zaidi. Je, unga umeongezeka? Haujaongezeka hata gramu, umepungua kidogo uliobaki kwenye mashine. Ulioongezeka ni hewa. Kwa hiyo kikundi kinachonunua mahindi kwa gorogoro na kuuza unga kwa gorogoro kinaweza kuona faida ambayo haipo, au kumlaumu mtu wa mashine bila sababu.

Hatusemi mizani ni malaika. Mahindi mabichi hupima kilo nyingi kwa sababu ya maji. Bodi ya Nafaka na Mazao hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi kiwango hicho linabaki kama kilo 83. Anayenunua mahindi kwa kilo aume punje kwanza.

KUPATA MIZANI

Kama kikundi kina uwezo, nunueni mizani ndogo ya jikoni. Ya springi haihitaji betri, lakini hakikisheni mshale uko kwenye sifuri kabla ya kupima, na msiweke sufuria juu yake kama rafu. Ya betri ni sahihi zaidi kwa vitu vidogo na ina kitufe cha kurudisha sifuri: weka bakuli tupu, bonyeza, kisha tia unga, na uzito wa bakuli hauhesabiwi. Kama haina kitufe, pima bakuli tupu, andika, kisha uondoe. Ijaribuni kwa chupa za maji mlizopima. Mkianza kuuza kwa kilo mbele ya wanunuzi, hapo ni biashara, na mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo na mizani wa kaunti.

Wasio na pesa wanaweza kutengeneza. Tafuta fito iliyonyooka yenye urefu wa kama mita moja. Ifunge kamba katikati, uining'inize kwenye boriti. Kila mwisho ning'iniza mkebe, mikebe miwili inayofanana, kwa umbali ule ule kutoka katikati. Upande ukilala, bandika udongo upande mwepesi mpaka fito itulie sawa. Sasa mimina maji mililita 500 kwenye mkebe mmoja, na unga kwenye wa pili mpaka fito itulie tena. Huo ni unga gramu 500. Ukitaka 250, pima maji 250. Tumeijaribu na watu wazima na watoto wa shule, na kwa unga na sukari inatosha. Kwa beking pauda haifai, hapo tumieni kijiko mlichokijaribu.

Mkiisha kupata mizani, msitegemee orodha yetu, andikeni yenu. Msipime kikombe kimoja. Pimeni vikombe 10 vya unga pamoja, kisha gawanyeni kwa 10. Fanyeni hivyo mara tatu, na watu watatu tofauti. Mtaona wenyewe mikono ilivyo tofauti, na hakuna atakayemnyooshea mwenzake kidole.

KUBADILISHA MAPISHI YA KIKUNDI

Haya ndiyo mapishi ya maandazi ya kile kikundi, kama yalivyokuwa: unga vikombe 8, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta mazito vijiko vikubwa 4, beking pauda vijiko vya chai 8, chumvi kijiko 1 cha chai, maji au maziwa vikombe viwili na robo.

Tulikaa nao chini ya mwembe tukabadilisha. Unga 8 mara 125 ni kilo 1. Sukari gramu 150. Mafuta kama gramu 55. Beking pauda 8 mara 4 ni gramu 32. Chumvi gramu 6. Maji karibu gramu 560. Jumlisheni: donge lote ni kama kilo 1 na gramu 800. Hapo mpishi, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo, akauliza andazi lao moja bichi lina uzito gani. Hakuna aliyejua. Tukapima kadhaa: 52, 71, 60, 66. Wakakubaliana liwe gramu 60. Kilo 1.8 ukigawa kwa gramu 60 ni maandazi 30. Kwa agizo la maandazi 150 unazidisha kila kitu kwa 5: unga kilo 5, sukari gramu 750, mafuta gramu 275, beking pauda gramu 160, chumvi gramu 30, maji lita 2.8. Hata mgeni akiingia jikoni atapata donge lile lile. Maji tu msiyamimine yote mara moja, acheni kidogo mkono uamue, kwa maana unga mwingine hunywa maji kuliko mwingine.

Faida nyingine mweka hazina aliiona mbele yetu. Dukani hakuna bei ya kikombe. Sukari inauzwa kwa kilo, unga kwa kilo, mafuta kwa kilo. Mapishi yakiwa ya vikombe huwezi kujua andazi moja limekugharimu nini. Tuseme sukari ni shilingi 160 kwa kilo: gramu 150 ni shilingi 24, ukigawa kwa maandazi 30 ni senti 80 kwa kila andazi. Fanya hivyo kwa unga, mafuta, beking pauda na mafuta ya kukaangia, ongeza kuni na kazi. Walipomaliza, waligundua kwamba maandazi ya gramu 71 walikuwa wakiyauza karibu bila faida yoyote.

Daftari la stoo sasa lina safu tatu: kilo zilizotoka, kilo zilizotumika, maandazi yaliyopatikana. Kilo 20 za unga zinatakiwa kuleta maandazi 600. Yakiwa 590 hakuna neno, mengine yamekatwa makubwa kidogo na donge lingine limebaki kwa beseni. Yakiwa 500, hapo mkae chini muulizane, lakini mwanze kwa kupima maandazi kabla ya kumpima mtu.

ZOEZI LA KUFANYA PAMOJA

1. Leteni vikombe vyote vinavyotumika nyumbani kwenu. Pimeni kila kimoja kwa maji. Kikubwa kinazidi kidogo kwa mililita ngapi?

2. Watu wawili wapime paketi moja ya unga ya kilo 2 kwa kikombe kimoja, kila mtu kwa njia yake. Wa kwanza asiwepo wa pili anapopima. Andikeni hesabu zote mbili.

3. Keki inahitaji unga vikombe 3, sukari kikombe kimoja na nusu, mafuta mazito kikombe 1 na mayai 4. Badilisheni kuwa gramu, kisha tafuteni ya keki sita. (Keki moja: unga 375, sukari 300, mafuta 225, mayai kama 200. Keki sita: unga kilo 2 na gramu 250, sukari kilo 1 na gramu 800, mafuta kilo 1 na gramu 350, mayai 24.)

4. Pimeni gorogoro mnayonunulia mahindi sokoni, kwa maji kwanza, halafu kwa mahindi, bila kilima na penye kilima. Mkifanya hivyo siku ya soko, ombeni ruhusa ya mwenye mkebe kwa upole.